Nakala ya Kicheko

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali ya mteja pale deki ilipokoroma, ikatema diski, ikafa. Ilikuwa deki ya aina iliyoshindwa. Alipooa, kampuni mbili zilikuwa zikigombania sebule za watu, moja kwa diski za kijivu, nyingine kwa nyeusi, naye akaambiwa kijivu ndiyo mpango mzima. Kumbe kapanda mtumbwi wa vibwengo. Nyeusi zikashinda, deki za kijivu zikakoma kutengenezwa.

Ndani ya diski ile marehemu mkewe alikuwa akicheka, keki mkononi. Kicheko hicho hakikuwepo pengine popote isipokuwa kwa binti yao, aliyekirithi chote, mpaka ile kwikwi ya mwishoni.

Akaenda kwa fundi wa video ili mkewe ahamishiwe kwenye nyeusi. Fundi alihangaika asubuhi nzima, diski ikakataa kunakiliwa. Alasiri, nyumbani, paka alijifunga kwa utepe wa kupimia. Binti akafungua kinywa, mabega yakatikisika, sauti isitoke.

"Ni kufuli yao hiyo," alisema fundi wa video alipopelekewa binti, akifuta miwani. "Ukijaribu kunakili, inatafuta nakala zote izizime. Na huyu, mzee wangu, ni mamake mtupu. Nani atabisha?"

Hakuna aliyebisha. Fundi cherehani akapiga simu kwa kampuni ya kijivu, ikapokelewa na ya nyeusi. Kufuli walikuwa wameinunua, alieleza dada wa simu, ila ufunguo haukuwamo.

"Pole sana, mzee. Lakini kuongea anaongea?"

"Anaongea."

"Basi hapo tushukuru Mungu."

Yeye aliyezoea kumtania binti yake tangu chai ya asubuhi aliacha utani. Iliuma kuliko mazishi, maana mazishini alibakishiwa kitu.

"Nitanie tu, baba," binti alisema.

"Nikutese ya nini, mwanangu?"

Jirani yao muuza mayai alikuwa na kicheko kipana, hakina kufuli. Akawa anamfundisha binti kidogo kidogo, kama mtu afundishwavyo kusuka.

Ijumaa moja fundi cherehani alisikia mtu akicheka jikoni.

"Tuna mgeni?"

"Ni mimi, baba."

Alimwambia kinampendeza. Kisha akaiinamia cherehani, akaikanyaga kwa nguvu, bila kitambaa, mpaka chakula kilipoiva.