Picha Zenye Kelele

Fundi alikuwa mshona makochi, na alikwenda ugenini kwa kumfuata mkewe, muuguzi. Mke alipata kazi kabla hata ya kumaliza kupangua masanduku. Fundi, miezi minne baadaye, alikuwa bado anajikwaa katika lugha ya wenyeji kama mtu anayepita gizani kwenye chumba kilichojaa viti.

Siku moja alisoma kwamba kuna tovuti inayopokea picha za watu wa kawaida na kuziuzia kampuni za matangazo. Kamera alikuwa nayo, zawadi ya harusi kutoka kwa shemeji yake. Akaanza na tufaha. Tufaha mezani, tufaha dirishani, tufaha limeng'atwa. Alituma picha kumi, zikarudi zote kumi. Sababu ilikuwa neno moja: kelele.

"Kelele?" alimuuliza mkewe. "Tufaha linapiga kelele?"

"Hizo chengachenga kwenye kiza ndizo wanaziita kelele," alisema mkewe huku akivua viatu vya kazini. "Fungua pazia. Na hilo ulilong'ata lilikuwa langu la kesho."

Fundi akafungua pazia. Picha zikatoka safi, zikakataliwa tena: kwenye birika lililokuwa nyuma ya tufaha ilionekana nembo ya kiwanda, na tovuti haikutaka nembo za watu. Basi akaanza kubandua. Alibandua lebo ya birika, ya maziwa, ya mafuta, ya chumvi, na kwa kuwa kazi ilishamnogea, akahamia bafuni. Hadi jioni hakukuwa na chupa yenye jina nyumba nzima.

Asubuhi yake zikasikika kelele, na safari hii hazikuwa za picha.

"We Fundi! Hiki nilichojipaka kichwani ni nini?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu, povu limefika kwenye nyusi, nywele zimesimama wima kama brashi ya viatu.

Fundi alinusa. "Sabuni ya vyombo, mke wangu. Ile ya limau." Angeishia hapo ingekuwa heri, lakini ulimi hauna mfupa. "Ila umetakata kweli."

Mkewe alikwenda kazini bila kuaga. Aliporudi jioni, alizungumza kabla ya kuketi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi minne. Bibi wa ghorofa ya chini kiti chake kimetoka utumbo. Nimeshamwambia unakuja. Twende."

Bibi huyo aliishi peke yake. Aliwafungulia, akamshika Fundi mkono wa shati na kumpeleka moja kwa moja kwenye kiti, bila maneno mengi. Fundi alipiga goti, akakibonyeza, akaguna. Akafumua kitambaa, akang'oa misumari yenye kutu, akapanga sponji upya. Baada ya nusu saa alikuwa ameshasahau kwamba yuko ugenini. Sindano yake ndefu iliyopinda iliingia na kutoka, naye anakisemesha kiti: "Tulia, baba, tulia, karibu tunamaliza."

Mkewe alikuwa amekuja na kamera. Alianza kupiga.

"Acha!" alisema Fundi. "Mwanga mbaya, na nina uzi mdomoni!"

"Nyamaza ushone."

Picha tatu alizituma mkewe mwenyewe. Zote tatu zikakubaliwa.

Fundi alizitazama kwa muda mrefu. Mikono ile ilikuwa yake, na hakuwahi kuiona ikipendeza namna hiyo. Alifurahi, na akaona wivu kidogo.

"Wiki tatu nimehangaika na matufaha," alisema.

"Tufaha lilishawahi kushona kiti?"

Bibi aliwaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wengine. Ikafika mahali viti vikapanga foleni kwenye ngazi, na Fundi akaanza kuongea lugha ya watu, maneno ya sponji na misumari yakitangulia na salamu zikifuata baadaye. Kila siku ya mapumziko mkewe humzunguka na kamera, mara juu ya stuli, mara amelala sakafuni.

"Fumua hapo ushone tena," alimwambia juzi. "Sikuuwahi huo mshono."

"Mshono wenyewe umekaa vizuri kabisa!"

"Umekaa vizuri, lakini wewe ulikuwa umenipa mgongo."

Fundi alihema, akatafuta mkasi, akafumua.