Elfu Nne za Mchoraji

Sibomana alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na mbili, katika darasa la jioni la parokia, na tangu hapo hakukubali jambo lolote zito lipite nyumbani kwake bila kuandikwa. Kwa hiyo binti yake Mugeni alipoleta fomu ya mkopo, katikati ya mwaka 1990, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tutapiga hesabu."

Mugeni alikuwa amekubaliwa kusomea uchoraji Kinshasa, miaka mitatu. Chama cha akiba kilikuwa tayari kumkopesha faranga laki moja na themanini elfu, azilipe baada ya masomo kwa miaka sita, elfu tatu kila mwezi pamoja na riba. Ilikosekana sahihi ya baba kama mdhamini, na mwisho ulikuwa Jumatatu.

"Wa kumuuliza yupo," Sibomana akasema. "Achille. Alisomea hukohuko."

Achille alichora vibao vya saluni na maduka ya dawa kwenye mteremko wa mtaa wao wa Gitega. Sibomana alimkuta mikono imejaa rangi ya njano, akiandika kitambaa cha kumkaribisha Papa, aliyetarajiwa Septemba. Mzee akavaa miwani, akafungua daftari.

"Kijana, kwa mwezi unapata ngapi? Usinifiche, ni kwa ajili ya mtoto."

"Nikishatoa rangi na kodi?" Achille akafikiri. "Mwezi mbaya, elfu kumi na tano. Mzuri, ishirini na mbili. Weka kumi na tisa, mzee. Na deni langu la shule nilimaliza mwaka jana."

Kalamu ikasimama. Sibomana alikuwa karani wa ghala kwa miaka ishirini na sita. Alikwenda kazini na tai. Mshahara wake ulikuwa elfu kumi na moja na mia tano, na hakuwahi kumtajia mtu, hata mkewe.

"Ni kwa sababu ya Papa," akasema.

"Papa haji kila mwezi, mzee. Mimi nakula kila mwezi."

Nyumbani alinakili hesabu kwa mwandiko wake mzuri, ule uliosifiwa na padri. Pale pa kumi na tisa, mkono wake ukaandika nne. Alijiambia kwamba anamkinga mtoto na deni, kwamba kazi ya rangi leo ipo, kesho haipo. Lakini alijijua. Kilichomchoma ni kwamba mtu anayejifutia mikono kwenye suruali anamzidi.

"Elfu nne," akawasomea mkewe na binti yake kabla ya chakula. "Toa tatu za deni. Inabaki elfu moja. Mtu ataishi?"

Mugeni aliitazama karatasi. "Hapana, baba. Nitatafuta kazi ya kushona." Kisha akaongeza, "Asante kwa kuniulizia."

Sibomana akaikunja karatasi haraka, akaitia mfukoni.

Aliyeshindwa kutulia ni mkewe, Mukagasana. "Elfu nne! Na Achille ana watoto watatu!" alirudia Ijumaa, akarudia Jumamosi. Jumapili baada ya misa akajaza kikapu maharage na viazi vitamu, akatangaza kwamba wanakwenda wote kwa Achille. Sibomana alisema goti linamuuma. Alisema watu wataona wamedharauliwa.

"Wewe ndiye uliyeiona shida yao kwa macho yako," mkewe akamjibu. "Utabakije nyumbani?"

Béatha, mke wa Achille, aliwapokea mlangoni na kukikodolea macho kikapu. "Mama, kuna nini? Sijajifungua mimi, na msiba hatuna."

"Ni kidogo tu, mwanangu. Mume wangu alitueleza hali yenu. Msione haya."

"Hali gani?"

Achille alikuwa nyuma yake. Akamtazama Sibomana. Sibomana akatazama ncha za viatu vyake, akasubiri kicheko. Badala yake Achille alisogea, akakipokea kikapu kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

"Asante sana, mama. Kweli, miezi mingine inabana."

Sibomana aliona heri angepigwa kofi. Kijana alikuwa amejishusha mbele ya mke wake ili kumsitiri mzee mwongo.

Ikaletwa Fanta, chupa nzima kwa kila mtu. Mukagasana akaanza kuona vitu: makochi, redio ya kaseti, bati jipya. Mugeni alikuwa amesimama mbele ya picha ukutani.

"Hii ulichora lini, kaka Achille?"

"Mwaka jana."

"Na rangi zote hizi ulinunua kwa elfu nne?"

Achille akanywa Fanta yake.

"Ile nne niliandika mimi," Sibomana akasema. "Yeye alisema kumi na tisa."

Béatha alicheka mara moja, akajiziba mdomo. Mugeni akageuka. "Kwa nini, baba?"

Maneno aliyoyaandaa yalikuwepo, juu ya deni na dhamana, yamepangwa vizuri kama magunia ya ghalani. Akayaacha. "Kwa sababu mimi napata kumi na moja na nusu."

Mukagasana akaweka chupa chini polepole. "Kumi na moja na nusu," akasema. "Na tai yote ile!"

Mugeni akakaa karibu na Achille. "Niambie miezi mibaya, yote. Mwaka wa kwanza baada ya shule ulikula nini?"

"Nilikula kwa mama. Miezi minane bila kazi. Na kuna mwenye baa hajanilipa kibao chake, mpaka leo ananikwepa njiani."

Alimuuliza mengi, akihesabu kwa vidole, na Achille hakumficha kitu. Sibomana alisikiliza kama mgeni asiyehusika. Mwishowe binti alisema, "Nitakwenda."

"Mwanangu, nikushauri..." Sibomana akaanza.

"Ushauri nimepata, baba. Naomba sahihi tu."

"Nitaweka."

Waliporudi, mama na binti walitangulia, wakizungumza juu ya Kinshasa, juu ya masanduku na nauli. Goti lilikuwa linamuuma kweli sasa. Walifika kwenye kona bila kugeuka, na yeye hakuthubutu kuwaita wamsubiri.