Bomba Linalogonga Ukutani

"Sivui suruali mbele ya nesi kwa ajili ya karatasi!"

"Nani kakwambia uvue? Unalegeza mkanda tu," dada yake alisema, akiigonga karatasi ya majibu kwa ukucha. "Na punguza sauti, kaka. Korido nzima sasa inajua habari za suruali yako."

Wanawake watatu kwenye benchi waliangua kicheko. Fundi bomba huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Koki, aliwapa mgongo.

Dada yake ndiye aliyeendesha maabara ya zahanati. Wiki iliyopita alimtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi hii majibu yalimtoa jasho: kipimo cha sukari ya miezi mitatu kimepanda, na alama ya damu inayoonyesha uvimbe wa ndani kwa ndani ni mara mbili ya kawaida. Watafiti waliokuja na mashine ya kupima ugumu wa mishipa walikuwa wanaondoka saa sita. Sasa ni saa tano na nusu. Baba yao alianguka ghafla, akapooza, akafa akiwa na miaka arobaini na sita. Koki angeifikisha mwezi ujao.

"Presha yangu nzuri. Umenipima mwenyewe."

"Nzuri leo. Hebu niambie, mtu wa mabomba: ukifunga koki ghafla, bomba linagonga ukutani. Kwa nini?"

Dada alikuwa amemnasa. Koki hajawahi kuulizwa habari za mabomba akanyamaza.

"Kwa sababu ni chuma! Maji yanakuja mbio, yanakuta pamefungwa, yanarudi na kishindo. Mpira ungetanuka kidogo, ukakimeza. Chuma hakimezi kitu! Kinakisafirisha mbio mpaka mwisho wa laini, kinapasua..."

Mikono yake ikabaki hewani.

"Malizia. Kinapasua nini?"

"Viungio," alisema polepole.

"Moyo ndio pampu. Mshipa wenye afya ni mpira. Sukari na huo uvimbe vinaukakamaza kidogo kidogo, na mwenyewe husikii chochote. Mashine inapima mapigo yanavyosafiri kutoka shingoni hadi kwenye kinena. Yakikimbia mno, mpira umeanza kuwa chuma."

"Kumbe wanapima mwendo wa kishindo!" Koki alichungulia mlangoni, macho yamemwaka. "Aisee! Nani aliyewaza hilo?" Kisha akakumbuka kuogopa, akarudi nyuma. "Na wewe je, umepimwa?"

Dada alikohoa. Kwa wiki mbili mashine ile ilikuwa hatua kumi kutoka mezani kwake.

"Nina kazi."

"Ahaa, mama maabara! Sisi unatudunga sindano, mwenyewe umejificha ndani ya koti jeupe! Panda wewe kitandani, na mimi nitapanda."

Alidhani amemfunga mdomo. Dada alikuwa ameshavua viatu.

Nesi alimgusisha kidude mfano wa kalamu shingoni, kisha kwenye kinena. Mawimbi yalitimka kwenye skrini. Koki, aliyesimama nyuma ya pazia, aliuliza mara tatu kama tayari.

"Mita kumi nukta tatu kwa sekunde," nesi alisema. "Mstari wa hatari ni kumi. Tutarudia, lakini umeuvuka kidogo."

Dada aliitazama skrini. Halafu akacheka kwa nguvu mpaka nesi akashtuka.

"Unacheka nini?" Koki aliuliza.

"Nimeikamata, kaka! Baba hakupewa namba, alipewa jeneza. Mimi nimeipata nikiwa na miguu yangu miwili! Chumvi naipunguza leo, kutembea naanza leo, na kabla sijala chochote natoa damu yangu mwenyewe nipime sukari."

Koki alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na mbili zimebaki.

"Teremka, mdogo wangu! Unanichelewesha."

Alifungua pazia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshalegeza mkanda, na wale wa benchi wakampigia vigelegele alipojitupa kitandani, shingo ameinyoosha.

"Haya nesi, sikiliza bomba."