Banasema Anarudi Kwabo

Usinitulize. Kama umekuja kuniambia Mupe Lieven, padri wetu muzee, "anapumzika kwabo", mulango ni ule ule uliingilia.

Minye Clotilde njo ninapikiaka bapadri ba hii parokia, na ninajua kila mumoja fasi anatoka. Abbé Gracien, mukubwa wetu, ni mutoto wa bavuvi ba ziwa Tshangalele. Mpaka leo akikula samaki anaanzaka na kichwa. Musaidizi wake, Abbé Bertin, baba yake alilinda gereza ya Buluo. Yule anafungaka milango yote, hata ya jikoni, hata minye niko ndani!

Na Mupe Lieven? Bantu banaona ngozi, banasema Mubelgiji. Mubelgiji gani! Alizaliwa hapa hapa, wakati Likasi ilikuwa inaitwa Jadotville. Mama yake alikuwa mugonjwa, akalelewa na mwanamuke wa Kapolowe, Mama Henriette. Kiswahili njo alianza kusema. Kiflama, luga ya bazazi bake, bakamufundisha kisha, kule Ulaya, na fimbo. Alipopata upadri, akarudia huku mbio.

Sasa uzee ukamukamata kichwa. Kiflama ikaenda ya kwanza, Kifaransa ikafuata, hata misa ikaenda. Kukabakia Kiswahili ya mutoto mudogo. Mu macho yake minye nikakuwa Mama Henriette. Haya, sawa! Ninamulisha bukari laini ya bunga ya mahindi na supu, tunaishi.

Kisha bakubwa ba shirika yake ya bapadri, kule Ulaya, bakapiga simu: arudi nyumbani, kule kuko banganga bazuri ba hospitali. Nikaingia saloni na mwiko mu mukono.

"Abbé, nyumbani wapi? Kule nani atamusikia akisema?"

Abbé Gracien akaangalia chini. "Mama Clotilde, minye niko padri wa diosezi. Yeye ni wa shirika. Si wangu."

"Basi ni wa nani? Sema!"

"Niliomba abakie, mama. Balikatala."

Akalia, Gracien yule. Nilimukasirikia, lakini nilimuhurumia pia.

Siku ya safari tukamupeleka na motokari, ndege iko Lubumbashi. Tulipofika Kapolowe, Mupe akaanza kupiga kioo na mikono yote miwili: "Njo hapa kwetu! Simama! Njo hapa!" Abbé hakusimama. Minye nilishika ile mikono mpaka ikachoka.

Jana Abbé akanipatia telefone, ya kuonana sura. Mungu wangu! Mupe iko mu kiti, amekonda, midomo imepasuka. "Mama, mayi," anasema. "Mama, mayi." Pembeni kuko muuguzi, binti wa heshima, anajua Kifaransa kidogo. Akanichekea.

"Unasikia, madame? Anasali muchana kutwa. Tunamuachaka kimya, tusimukatize."

Nikapiga kelele mpaka Bertin akatoka mbio. "Anaomba mayi! Mayi ya kunywa!"

Muuguzi akamuletea. Mupe akakunywa yote, ingine ikamwangika ku kifua, akaomba tena. Yule binti akakuwa mwekundu, akaniuliza polepole: "Na ile ingine anasemaka kila siku, madame, ni nini?"

Nilitaka kumuambia. Lakini Mupe alikuwa ameisha kukamata telefone, anaivuta ku uso yake, analia: "Mama, nitoshe hapa, nirudie kwetu. Nitoshe." Picha ikakatika.

Leo asubui shirika imesema telefone inamuvuruga, tusipige tena. Abbé Gracien amejibu ndiyo.