Kola ya Miiba ya Ambrose Tidmarsh

Majira yale ya baridi London nzima ilipagawa kwa hofu ya kabali. Gazeti likiandika asubuhi kwamba mtu mmoja kakabwa na kuporwa saa, kufika jioni mtaa mzima unajishika shingo. Ambrose Tidmarsh, muuza kofia, alisoma yote na kuyaamini yote. Alijinunulia kola ya ngozi yenye miiba ya chuma, akaificha chini ya skafu, maana Mzee Crouch, baba wa msichana aliyempenda, alikwishatangaza: "Lavinia wangu haolewi na mwoga wa kuvaa makola!" Na leo Ambrose alikuwa anakwenda kumposa Lavinia.

Ukungu ulikuwa umeugeuza mchana kuwa giza. Akasikia hatua nyuma yake. Zilikuwa za mama muuza maziwa, lakini angejuaje? Gazeti lilisema usimpe mtu mgongo. Basi akageuka, akaendelea na safari kinyumenyume, macho yamemtoka.

Kwenye kona, pu! Mgongo ukagonga mgongo. Kumbe na mwenzake alikuwa amesoma gazeti lilelile.

"Mkabaji!" walipiga kelele kwa pamoja. Kila mmoja akamrukia mwenzake shingoni, na kila mmoja akaruka nyuma akipuliza viganja.

"Uwii! Una nini shingoni, mshenzi wewe?"

"Na wewe je?" Ambrose akaitambua ile sauti. "Mzee Crouch?"

"Tidmarsh? Aa... hii ni ya kifua. Daktari kasema nijifunike."

"Kwa misumari, mzee?"

Mzee akamvuta karibu. "Sikiliza, kijana. Tumevamiwa na watu sita, tumewatwanga. Sema hivyo tu, binti ni wako."

Lavinia alifungua mlango, akaona mikono minne inavuja damu.

"Sita, mwanangu! Mijitu!" baba akafoka.

"Sita, Ambrose?"

Ambrose alitamani sana kuitikia. Lakini macho yale hakuweza kuyadanganya.

"Alikuwa baba yako tu. Nami niliogopa nusura nilie."

Lavinia alicheka mpaka akashikilia mlango. Kisha akaingiza vidole chini ya skafu, akaifungua ile kola, akaitupa sakafuni.

"Wanaume wa mji huu! Mwezi mzima mimi nakwenda sokoni shingo wazi, hakuna aliyeniuliza kama naogopa. Haya, sema kilichokuleta."

Ambrose akasema, shingo wazi, ukungu wote mgongoni, wala hakugeuka. Lavinia alikubali kabla hajamaliza.