Ukurasa Uliokaa Kimya

Kabla ya adhana ya alfajiri Aliya alisikia jivu likikwanguliwa jikoni, taratibu, kama kazi ya mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Bibi yake, Bi Mwanarusi, alikuwa anamwashia jiko ili asitoke bila chai. Hakuwa na haja ya kunyata hivyo. Aliya hakuwa amelala.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Aliya aliitengenezea tovuti ofisi ya magari ya Bwana Donald pale Voi, ili watu walio Nairobi na Mombasa waweze kuwawekea jamaa zao nafasi kwenye gari la Kishushe, ambalo huenda Jumanne na Ijumaa tu. Tangu Jumatano tovuti hiyo ilikuwa inatoa makosa matupu. Jana Donald alimwambia bila hata kupandisha sauti, "Kosa moja tena, Aliya, tunarudi kwenye daftari. Na wewe utatafuta kazi kwingine."

Saa kumi na mbili alikuwa ofisini, kwa sababu asubuhi mapema ndipo simu ya Mombasa ilipopatikana. Huko Mombasa ndiko ilikokaa mashine yenye habari zote za safari, na aliyeitunza ni Ndambuki.

"Dada Aliya, hata kuku hawajaamka."

"Umenivunjia kurasa kumi na tisa, Ndambuki."

"Mimi sikugusa kurasa zako. Niligusa jedwali langu."

"Na kurasa zangu zinakula wapi, kama si kwenye jedwali lako?"

Zamani jedwali la safari liliandika saa kama watu wa Voi wanavyozitaja: moja, mbili, na safu ya pembeni ikasema asubuhi au jioni. Wageni wa ng'ambo wakawa wanachanganyikiwa. Basi Jumatano Ndambuki akaifuta ile safu ya pembeni, saa zote akazigeuza za Kizungu, na asimwambie mtu. Kila ukurasa ulioulizia asubuhi au jioni ukakosa jibu, ukajaa maandishi mekundu.

"Ndiyo maana nakuambia kila siku," alisema Ndambuki. "Umeandika swali ndani ya kila ukurasa. Maswali yote yalete huku kwenye mashine, tuyaweke kama prosija. Swali moja, mahali pamoja, kurasa zote zinaliita kwa jina. Nikibadilisha jedwali, narekebisha hapo tu."

"Na nikitaka kuongeza neno moja nikungoje siku tatu, kwa sababu ufunguo wa mashine, lile neno la siri, unao wewe peke yako."

"Ufunguo ni wa mtu anayejua anachofanya, dada."

Aliya aliweka simu chini bila kuaga. Akaanza kuzipitia kurasa moja moja. Swali lile lile alikuwa ameliandika mara kumi na tisa, kila mara kwa namna tofauti kidogo, na sasa alijilaumu kwa kila moja. Kufikia saa tatu hapakuwa na wekundu popote. Donald alipoingia alimwambia, "Zote zimepona." Donald akaitikia kwa kichwa.

Hazikupita dakika kumi, Bi Mwanarusi akasimama mlangoni, amemshika mkono mama mtu mzima aliyefungwa bendeji jicho moja.

"Huyu ni Mumbe," alisema. "Nimemkuta barazani pa duka la Zubair, jua linampiga. Nikampeleka nyumbani akanywa uji. Angoja gari la Kishushe tangu saa moja."

"Mwanangu Muinde alinilipia huko Nairobi," alisema Mumbe. "Nilipasuliwa jicho hapa Voi; nesi anakuja kwetu Kishushe leo Ijumaa tu, anifungue. Saa sita anaondoka. Nikimkosa ni mpaka Ijumaa ijayo."

Aliya akafungua ukurasa wa dereva, ule anaosomea saa ya kuondoka. Gari la Kishushe huondoka asubuhi siku zote, kwa hiyo kwenye ukurasa huo hakuwahi kuuliza asubuhi au jioni. Kwa kuwa haukuuliza safu iliyofutwa, haukuvunjika. Ulikaa kimya, umependeza: Kishushe, abiria mmoja, magunia sita, saa 7. Ilikuwa saa 7 ya Kizungu, yaani saa moja asubuhi.

Walimkuta dereva Mwanzia nyuma ya ofisi, anaosha magurudumu, hana haraka.

"Saba ni saba, dada. Saa saba mchana," alisema. "Nilishangaa, lakini nani atabishana na kompyuta? Haina hata masikio."

Donald alikuwa amewafuata. "Kwa hiyo Mwanzia amesoma vibaya."

Njia ilikuwa wazi. Mwanzia mwenyewe alishaanza kukubali, ameinamia ndoo yake.

"Hapana," alisema Aliya. "Amesoma kilichoandikwa. Kosa ni langu. Ule ukurasa haukulalamika, nikadhani ni mzima. Sikuufungua."

Donald alimtazama Mumbe, akamtazama Aliya. "Mwanzia, ondoka sasa hivi," alisema. Kisha akaingia ndani, akalitoa daftari kabatini na kulitupa mezani. "Hili litakaa hapa mpaka Jumanne. Ungemwachia Mwanzia lawama, lingekaa milele. Huyo mtu wa Mombasa mpigie simu, niongee naye."

Hakuongea sana. Alimweleza tu habari za Mumbe na jicho lake.

"Mpe simu Aliya," alisema Ndambuki. Na kwa Aliya, "Chukua kalamu. Nakusomea ufunguo. Na jedwali sitaligusa tena bila kukupigia."

Siku nzima Aliya alihamisha maswali, moja baada ya jingine. Laini ilikatika mara nne, na mara nne Ndambuki ndiye aliyepiga tena. Bi Mwanarusi alikaa kwenye benchi la wateja, akimsogezea kikombe.

Jioni Mwanzia akarudi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Nesi alikuwa anafunga mkoba," alisema. "Amemfungua. Mama anaona. Ameniona mimi wa kwanza, maskini."

Aliya akalaza kichwa mezani. Prosija zilizobaki zilikuwa tano.

"Jumanne utaenda huko tena?" Bi Mwanarusi alimuuliza Mwanzia.

"Inshallah, bibi. Saa moja asubuhi."

"Basi mwambie Mumbe, akija kupimwa asikae barazani pa watu. Aje tena kwangu."