Udongo wa Dibora

Mtoto alikuwa akila udongo wa kaburi.

Watoto wote hula udongo wakianza kutembea, na hakuna mama pale Uriri ambaye hajawahi kutia kidole mdomoni mwa mwanawe akatoa bonge. Lakini huyu alikula wa kaburi peke yake. Nyumba ilikandikwa kwa udongo, hakuuramba ukuta. Nyuma ya choo kulikuwa na kichuguu chekundu kizuri, hakukigusa. Alivuka ua mzima kwa vile vijiguu vyake, akawapita kuku, akayapita mahindi yaliyoanikwa, akaenda kukaa upande wa kichwa alikolala nyanya yake, akachimba kwa kidole, akala. Alikula bila haraka, kama mtu mzima aliyetengewa chakula chake.

Jina lake lilikuwa Aloo. Alikuwa na miaka miwili na kidogo. Wote walijiuliza ana nini. Mama yake, Dorine, hakujiuliza. Alijua, na hakuwa amemwambia mtu.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye jina. Katika boma lile mtoto mchanga akilia mchana kutwa, na hana homa wala tumbo halijajaa, husemwa kuna marehemu anayetaka kuitwa. Mtu mzima hukaa naye na kuyataja majina ya waliokufa, moja moja, taratibu. Jina ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Aliyetaja siku ile alikuwa Benta, shangazi yake Zablon, mume wa Dorine. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, amefunikwa leso, analia mpaka sauti inakatika.

Na Dorine alilijua jina lililokuwa njiani. Dibora, mama yake Zablon, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, pale pale mbele ya nyumba. Dibora aliyeuonja ugali wa Dorine na kuwamwagia mbwa mbele ya wageni. Dibora ambaye hata siku moja hakumwita kwa jina, alimwita Nyar Lambwe tu, msichana wa Lambwe, kama mtu anayekukumbusha kwamba njia ya kurudi kwenu bado ipo. Dorine alimwogopa akiwa hai. Sasa amnyonyeshe? Ambebe mgongoni, amwimbie?

Basi alikuwa amejiandaa. Chini ya leso alikuwa na kitambaa alichokichovya katika ile dawa tamu ya tumbo la watoto, inayouzwa madukani kwa chupa. Benta alitaja jina la kwanza, mtoto akalia. La pili, akalia. Alipotaja Aloo, jina la shangazi mwingine aliyefia kule Sori, mwanamke wa kucheka ambaye hakuwahi kugombana hata na kuku, Dorine alimtia mtoto kitambaa mdomoni. Mtoto akafyonza, akanyamaza.

Benta akapiga vigelegele. Jina la Dibora halikufika kutajwa.

Miaka miwili mtoto alikua vizuri. Kisha akajua kutembea sawasawa, na mahali pa kwanza alipokwenda bila kushikwa mkono palikuwa pale.

Benta ndiye aliyekuja na dawa ya kwanza. Alikuja amebeba jani nene la shubiri, utomvu unamtiririka hadi kiwiko.

"Lete vidole hivyo," alisema. "Watoto wangu wote niliwaachisha ziwa kwa hii. Mmoja mpaka leo ni mwalimu kule Rongo, na akiniona na shubiri anatoka mbio."

Walimpaka mtoto vidole vyote kumi. Wakangoja acheke, alie, ateme. Mtoto aliviangalia vidole vyake, akavitia mdomoni kimoja kimoja, akavilamba mpaka vikawa safi. Uso haukukunjika hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono aongezwe.

Kicheko cha Benta kilimkauka.

"Nimemwona mtu mmoja tu akiinywa hii hivyo," alisema.

"Nani, shangazi?"

"Wacha. Nipe maji ninawe."

Dorine hakuhitaji kujibiwa. Kila asubuhi kwa miaka minne alimwona Dibora akinywa kikombe cha maji ya shubiri kuzuia malaria, akipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono kana kwamba amekunywa chai ya maziwa.

Alikwenda sokoni kwa Hodan, mama wa Kisomali mwenye duka la nguo na dawa ndogondogo karibu na kibanda ambako Zablon alitengeneza baiskeli. Hodan alikuwa amelea wanane, na ushauri wake haukuuzwa.

"Mtoto wa udongo ana upungufu wa damu," Hodan alisema. "Saga omena, hivyo vidagaa vyenu, mpaka iwe unga, mtilie kwenye uji. Mpe maini. Mpe mboga ya terere, lakini kamulia ndimu juu. Na chai usimpe pamoja na chakula, chai inaiba nguvu yote. Nyinyi Wajaluo mnakaa na ziwa lote hilo, halafu mtoto mnampa uji mtupu!"

"Tungempa maziwa ya ngamia, mama?"

"Ngamia akinywa maji yenu haya ya Migori atakufa kabla ya kukamuliwa. Nenda, saga omena."

Dorine alisaga omena. Alikamua ndimu. Alichemsha maji ya kunywa na kuyafunika. Mtoto alikula kila alichopewa, alimaliza bakuli, akairamba. Halafu akashuka mapajani, akapita kuku, akapita mahindi, akaenda kula.

Alikonda. Tumbo likatokeza, nywele zikawa rangi ya katani. Na kuna kitu kingine ambacho Dorine alikitambua kule zahanati alikompeleka. Muuguzi alimvuta mtoto kope la chini, ndani kulikuwa kweupe kabisa. Akamdunga sindano pajani. Mtoto aliitazama ile sindano ikiingia, akaitazama ikitoka. Hakulia.

"Huyu ni shujaa," muuguzi alisema, lakini hakutabasamu. Alitoa dawa ya minyoo na chupa ya dawa ya damu. "Mama, sikiliza. Damu hii ikishuka zaidi ya hapa, mtazika. Mtenganisheni na huo udongo. Na wewe, hiyo mimba ina miezi mingapi?"

"Inaingia wa tano."

"Basi nawe kunywa hivi vidonge. Usichezee."

Zablon hakuwa mtu wa maneno. Siku ile ile alizungushia kaburi la mama yake ua wa miiba, akaukaza kwa waya na mipira ya zamani ya baiskeli, mpaka hata kuku hakupata pa kupenya. Kesho yake saa sita mchana, jua likiwa utosini na boma zima likiwa kimya, Dorine alitoka jikoni akamwona mtoto ameketi ndani ya ile miiba, juu ya kaburi. Miiba haikuwa imeguswa. Mtoto hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Zablon alilazimika kukata waya kwa koleo ili amtoe, na mikono yake mwenyewe ilitoka damu mpaka kwenye viwiko.

"Nitamwaga simiti," alisema. "Nifunike lote."

"Kaburi la mama yako?" Benta aliuliza. "Bila ndugu zako kukaa na kukubaliana? Na unamfungia kwa nini, amekuibia?"

"Shangazi, mtoto anakufa."

"Naona. Nina macho."

Walijaribu kumpeleka mbali. Dorine alimfunga mgongoni wakaenda kwao Lambwe, upande wa Homa Bay, wakakaa kwa mama yake. Huko alimwogesha kwa majani ya kuchemsha, alimnywesha maji ya majani ya mpera alipoharisha, alimchanganyia maji yenye chumvi na sukari. Udongo wa Lambwe ni mweusi, umejaa kila mahali. Mtoto aliuokota, akaunusa, akauacha uanguke. Hakula udongo, na chakula nacho akakiacha. Alilala kutwa kwenye mkeka, kichwa amekigeuzia upande mmoja. Wakimgeuza, anarudi. Mama yake Dorine alisimama akatazama ule upande.

"Mwanangu," alisema, "huko si ndiko mlikotoka?"

Walirudi Uriri. Alipoliona boma, mtoto alinyoosha kidole kutoka mgongoni, na kwa sauti nzito isiyo ya kitoto alisema, "Nyar Lambwe. Teremsha."

Dorine alisimama barabarani. Zablon alimwita Mama Aloo, Benta alimwita mke wetu, majirani nao Mama Aloo. Jina lile halikuwa limetamkwa pale tangu jeneza lifungwe.

Jioni ile alimuuliza Benta huku wakichambua mboga, bila kumtazama.

"Shangazi, ikiwa jina lilikosewa?"

"Linarudiwa. Mtoto akilia mnataja tena, na safari hii mnataja ya kweli." Benta aliacha mboga. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Lakini huyu halii, mke wetu. Umewahi kuona? Ni lini mara ya mwisho amelia?"

Dorine alijaribu kukumbuka akashindwa. Nyigu alimuuma, hakulia. Aliangukia jiko, hakulia. Mtu asiyelia utamtajia nini?

"Na wewe usikaribie pale na tumbo hilo," Benta aliongeza. "Udongo wa mkwe hauguswi na mwanamke mwenye mimba. Mimi nimekwambia."

Siku ya tatu tangu warudi, mtoto hakuweza tena kusimama. Alijiburuta. Dorine alimwona akivuka ua kwa makalio, mahindi yakimganda kwenye mapaja, akipumzika na kuendelea, mpaka akafika. Zablon alikuwa ameutoa ule ua wa miiba, maana haukufaa kitu. Ilikuwa mchana. Hapakuwa na upepo, na hata njiwa walikuwa wamenyamaza. Mtoto alichimba, akajaza kiganja, akakiinua polepole. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Dorine aliona wazi kwamba hiki ndicho kiganja cha mwisho.

Akaenda akapiga magoti. Akaushika ule mkono mdogo, akaufungua, akaula udongo wote uliokuwamo.

Ulikuwa baridi, katikati ya jua lile. Ulikuwa na ladha ya shubiri. Alimeza. Akachimba pale pale kwa vidole vyake, akala tena, akala tena, mchanga ukimsaga meno, mpaka shimo dogo la mtoto likawa shimo la mtu mzima.

Mtoto alimtazama. Kidevu kikaanza kucheza. Kisha akafungua kinywa akalia, kilio kikali cha mtoto aliyenyang'anywa chakula, kilio kilichojaa boma zima. Kuku walikimbia. Benta alitoka mbio nyumbani kwake na mwiko mkononi. Zablon, aliyekuwa amekuja kula chakula cha mchana, aliitupa baiskeli langoni.

"Mwacheni!" Dorine alipiga kelele. "Msimshike! Shangazi, simama hapo usikie. Jina nililiiba. Nilimtia dawa tamu mdomoni ulipotaja Aloo. Sikumtaka yule mama nyumbani kwangu. Sikumtaka." Akamgeukia mtoto, udongo ukimtoka mdomoni pamoja na mate. "Aloo?"

Mtoto alilia.

"Aloo, mwanangu?"

Akalia zaidi, akajikunja.

"Dibora," Dorine alisema.

Kimya. Si kwamba kilio kilipungua. Kilikatika. Mtoto alivuta pumzi ndefu, akamtazama Dorine usoni kwa muda, akamchunguza kama mkwe anavyomchunguza mkaza mwana aliyechelewa na chakula. Kisha akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, akaegemea goti la mama yake, akalala.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Benta aliweka mwiko chini. Zablon alimwangalia mkewe, akaangalia tumbo lake, akaangalia lile shimo.

"Umekula kiasi gani?" aliuliza.

Dorine alianza kulifukia shimo kwa viganja.

Mtoto alipona. Tangu siku ile hakugusa udongo wa mahali popote. Dawa ya damu ambayo alikuwa akiitema alianza kuinywa, uji wa omena ukamkaa mwilini, na kabla ya mavuno alikuwa anawakimbiza kuku. Dibora mdogo, mwenye sauti kubwa, anayelia kwa kila kitu.

Homa ya matumbo ilimpata Dorine kabla ya wiki mbili kwisha. Daktari alisema ni maji. Benta hakubishana na daktari.

Gharama ya kupona kwa mtoto ilikuwa hii. Kondoo dume mmoja, aliyechinjwa ili boma litakaswe kwa kosa la kuchezea jina na kula kaburi. Nywele za Dorine, zilizong'oka zote kwa homa na kuota tena nyembamba. Meno yake mawili ya mbele, yaliyovunjika kwa mchanga. Msimu mmoja mzima ambao Zablon alilala kibandani sokoni, akaja nyumbani kula tu, akila bila kuzungumza. Na ile mimba, iliyotoka akiwa kitandani hospitalini, mtoto wa kiume, aliyezikwa nyuma ya nyumba bila kuitwa jina lolote.